Faili Nililolipaka Mafuta

Mimi ndimi niliyelipaka mafuta faili lile. Sikutumwa na mtu. Nilitoa kichupa changu cha mafuta ya upako kwenye pochi, nikachovya kidole, nikachora msalaba mdogo kwenye kona ya chini ya jalada, mahali bosi hangeangalia. Kisha nikamkabidhi bosi pale mlangoni, moyoni nikisema, "Likubalike kwa jina la Yesu." Askari akafungua lango, gari likaenda zake mjini.

Kabla hujanicheka, jua kwamba katika ushirika wetu wa akina mama pale mtaani Woodley hakuna karatasi inayopita bila mafuta. Tunapaka vyeti vya shule, barua za kuomba kazi, hati za mashamba, hata tenda za kaunti. Kifungua mimba wangu alipopata kazi ya nyumbani Uarabuni, tuliipaka pasipoti yake mpaka ikawa inateleza mkononi. Ndivyo tulivyo. Mama wa kwetu Ukambani akikwambia anakuombea, anakuombea pamoja na makaratasi yako.

Bosi ni mzungu. Nimempikia miaka sita hapa Lavington, na siwezi kumsingizia, hajawahi kuniinulia sauti. Nilipomuuliza anafanya biashara gani, alisema vifaa vya usalama. Nikaridhika. Lavington nzima ni kuta, kamera na nyaya za stima juu ya kuta, nikadhani mtu wangu anauza hizo. Ujinga wangu huo, haki ya Mungu, bado unaniuma.

Sasa huyu binti yangu wa Uarabuni, mkataba wake ulikuwa umekwisha, lakini mwajiri wake alikuwa amemfungia pasipoti kwenye sefu. Kila akiiomba, anaambiwa kesho. Na huku redio yangu ya jikoni ilikuwa inatangaza kila asubuhi kwamba mataifa ya kule yanatishiana vita, manowari zinasogezwa, mabalozi wanaitwa nyumbani. Nilikuwa nikikata vitunguu, sijui machozi ni ya vitunguu au ni ya nini. Nikamwendea bosi, maana nilikuwa nimemsikia kwenye simu akiongea na wakubwa wa mji ule ule alipo binti yangu.

Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Mama, wacha kwanza nimalize dili moja. Ikikubali, nitapata nafasi, nitampigia mwajiri wake mimi mwenyewe, na msichana wako atarudi."

Wewe ungefanyaje? Niliwaita akina mama tukafunga siku tatu, hata chai hatukuonja, kwa ajili ya dili ya mzungu. Siku ya nne ndiyo nikalipaka faili mafuta. Na dili ikakubali! Bosi alirudi kutoka mjini akiimba kwenye ngazi. Nami nikapiga magoti kando ya friji nikamshukuru Mungu.

Jumamosi akaita wageni wawili kwa chakula cha mchana, mzungu mwenzake na wakili Mkenya aliyemwandikia mkataba. Watu wa mezani huamini mpishi hana masikio. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na Kiingereza chao nilikuwa nakifuata neno kwa neno huku nikipakua samaki.

Wakili aliuliza hivyo vitu anavyouza bosi vinafanya kazi vipi hasa. Bosi akachukua kichupa cha pilipili. "Hili ni kombora la adui, linakuja juu ya mji." Akainua cha chumvi. "Hili ni letu. Linaruka, linalitungua kabla halijafika." Akagonganisha vichupa, wakacheka.

"Na wale wateja wa kwanza," wakili akauliza, "walikubali kungoja?"

"Watafanya nini? Mzigo wao umekwenda kwa jirani yao aliyelipa haraka. Wao watapata mwaka ujao."

"Kwa sasa wamebaki na mangapi?" akauliza yule mzungu mwenzake.

"Ya usiku mmoja. Wakibana, miwili."

Halafu akautaja mji wao. Mji wa binti yangu.

Woi! Nilikuwa na bakuli la sukuma wiki mkononi. Siku tatu sikula, sikunywa, nikimwomba Mungu amng'olee mwanangu paa. Na faili nikaliwekea msalaba, kwa kidole changu hiki!

"Bosi," nikasema, "si huo ndio mji wa binti yangu?"

Wote wakanigeukia. Nilimtazama usoni, na nikaona kwamba hakuwa amenificha kitu. Alikuwa amesahau. Hilo lilinishtua kuliko makombora yenyewe.

"Mama," akasema polepole, "nisipouza mimi, atauza mwingine."

"Basi angeuza huyo mwingine! Mimi nisingempakia faili lake mafuta!"

Hakuelewa hata chembe. Wakili ndiye aliyeelewa, akainamisha kichwa juu ya sahani yake. Nikaliweka lile bakuli mezani kwa kishindo, nikamwandikia bosi namba ya mwajiri wa binti yangu kwenye kitambaa cha karatasi. "Piga sasa. Uliahidi."

Akapiga pale pale. Nilimwona akitabasamu, kisha akaacha kutabasamu. Akakata simu.

"Wameondoka jana. Familia nzima, wako Ulaya. Anasema hali si nzuri kule."

"Na mtoto wangu?"

"Ameachwa alinde nyumba. Pasipoti iko kwenye sefu, na ufunguo wanao wao."

Shindwe! Nilitoka nje bila kuaga, nikakaa kwenye ngazi za jikoni, nikampigia binti yangu. Akapokea haraka, sauti yake changamfu kabisa. Akaniambia ana nyumba ya vyumba tisa peke yake, analala anapotaka, anakula anachotaka.

"Wewe huogopi?" nikamuuliza.

"Mama, wacha presha. Kabla hawajaenda, mwajiri alinieleza. Huu mji una mitambo, chochote kikija kinatunguliwa juu huko huko. Hakuna kitu inaweza pita."

Nilishika mdomo kwa mkono.

"Ni kweli, mwanangu," nikasema. "Lakini leo ulale chini ya ngazi."

Akaniuliza, "Kwa nini, kama ni kweli?"