Ndugu Yangu Ameniita Bwana

Asalaam aleikum, wasomaji wenzangu. Namshukuru mhariri kwa kukubali kulificha jina langu, maana huku kwetu Msambweni ukikohoa, mtu wa Gazi anajua. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, nasoma uzalishaji wa mazao katika chuo kikuu huko Uganda. Nimerudi likizo, na tangu nifike sili nikashiba.

Baba alifariki nikiwa mdogo, akanilea mjomba, kaka yake mama. Nililala kitanda kimoja na mwanawe, ambaye hapa nitamwita Hamisi. Mimi nikapelekwa shule, yeye akabaki kwenye shamba la minazi la babake. Kila likizo nilimweleza niliyofundishwa chuoni: minazi iliyobanana haizai vizuri, ile mikongwe ing'olewe, miche ipewe nafasi. Hamisi hakunibishia. Aling'oa, akachimba mashimo, akabeba samadi kichwani mpaka kipara kikamtoka. Miche sasa imeshika, raha kuitazama.

Basi mjomba ni mgonjwa, hainuki. Juzi alituita sote, akasema Maulidi yakipita ataita mashahidi anikabidhi mimi shamba lote, kwa kuwa ada yetu Wadigo mali huenda kwa mtoto wa dada. Nikamwambia kwa adabu kwamba sharia ya dini inampa mwana. Akageukia ukutani. Aliyewaka ni mama.

"Ukilikataa shamba la kaka yangu, umelikataa tumbo lililokuzaa," akasema. "Nikifa usinizike."

Habari ya kugawana hataki hata kuisikia. Hamisi aliinuka akatoka nje. Nilimfuata uani, nikamshika mkono, akautoa taratibu.

"Mimi nikidhani wanifundisha," akasema. "Kumbe ulikuwa ukiniagiza."

Wallahi sikujua kama mjomba ana nia hiyo! Lakini nani ataniamini? Mkewe, aliyekuwa akinitania kila nikirudi, sasa akiniona hujifunika leso akaingia ndani.

Leo asubuhi nimemkuta Hamisi shambani akimwagilia miche ile ile. Aliponiona akaweka ndoo chini, akasimama wima.

"Bwana, mashimo yaliyobaki nichimbe wapi?"

Tangu tuzaliwe hajapata kuniita bwana. Hakuwa akinidhihaki, na hilo ndilo lililoniuma. Nikageuka, nikarudi nyumbani nikilia njia nzima.

Wasomaji, mama ninaye mmoja, na ndugu sina mwingine. Maulidi hayako mbali. Nipeni shauri, nimjibu nini Hamisi?