Mwaka Mama Alipojifunza Mwanga

Wiki iliyopita nilikwenda Eagan, mji wa huku ughaibuni, kumrudishia dada mmoja sufuria zake za pilau, nikasimama kwenye taa nyekundu karibu na majengo tuliyokulia. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, jua limetoka, na ule weupe wa chini ukapanda ukanipiga shavuni. Basi wewe, papo hapo nikawa na miaka tisa tena.

Nilikuwa darasa la nne. Picha za shule zilipokuja, wenzangu walionekana mpaka madoadoa ya puani. Mimi nilikuwa macho na meno tu, uso wote kivuli. Mmoja akauliza kama umeme ulikatika ilipofika zamu yangu. Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikaificha ile bahasha kwenye mfuko wa koti, mama akaja kuikuta siku ya kufua.

Hakupiga kelele. Aliipeleka picha dirishani, akaigeuza huku na huku.

"Huyu si mwanangu," akasema. "Mwanangu ana uso."

Mama alifunga maboksi kwenye ghala moja kule Shakopee, kutwa amesimama. Maishani mwake hakuwahi kumiliki kamera. Jumamosi iliyofuata alirudi na moja kuukuu, kaipata kwa mzee aliyekuwa akiuza vitu vyake nje ya gereji. Tangu hapo, kila siku ya mapumziko aliwasha video za mafunzo kwenye kompyuta, akawa anazisimamisha kila neno gumu na kuliandika kwenye daftari langu la hesabu.

Baridi ikaingia, na sebule yetu ikawa studio. Taa ya dari ikapigwa marufuku kwa sababu ilitufanya manjano kama wagonjwa. Nilikalishwa ubavuni mwa dirisha, na upande wa pili mama akatandika shuka jeupe juu ya kiti ili lirudishe mwanga usoni kwangu. Za mwanzo zilikuwa vituko: nyingine ukungu mtupu, nyingine nimekatwa kipaji cha uso. Siku moja alizama kwenye vitufe vyake mpaka mahamri yakaungua, nyumba nzima ikanuka iliki na moshi. Nilinung'unika kwa Kiingereza kwamba nimechoka. Yeye akanijibu kwa Kiswahili cha Mombasa: "Tulia, mwanangu. Sijakuona bado."

Akagundua kwamba kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na mtu mweusi ndiye anayelipia. Dawa yake ilikuwa kuilazimisha iongeze. Alasiri moja alinisimamisha nje penye theluji, akabonyeza, akatazama kioo cha kamera. Halafu akaenda kumgongea jirani yetu, mama Mkongo wa mlango wa pili.

"Eh! Mutoto ni muzuri hivi!" jirani akasema. Mimi mwenyewe nilistaajabu. Kumbe nina kovu dogo juu ya nyusi.

Mwaka uliofuata, siku ya picha, nilisingizia tumbo. Mama aliomba ruhusa kazini, akanishika mkono mpaka shuleni. Alimwambia mpiga picha, kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Ongeza mwanga kidogo, tafadhali. Kisha utazame."

Nilitazama viatu vyangu kwa aibu. Yule kijana akaongeza, akapiga, akatazama. Akarudi nyuma kwenye picha za asubuhi, moja baada ya nyingine, uso ukambadilika. Akamwomba mwalimu awaite tena watoto waliokwisha kupigwa picha. Tulirudi ukumbini foleni nzima, Wasomali, Wakongo, sisi Wakenya, tukisukumana na kucheka. Mama alisimama kando, mikono ndani ya koti.

Siku hizi simu hurekebisha mwanga yenyewe, wala watoto wa leo hawajui kama palikuwa na vita. Nafurahi hawajui. Jirani alihamia jimbo jingine, shule imejengwa upya, na mama amestaafu, yuko kwao Mombasa, mzima. Picha zangu ni maelfu sasa, nazipiga kwa sekunde na kuzisahau. Ila zile alasiri ndefu hazipo tena, mtu mmoja aliyetoka kazini kachoka akinitazama saa nzima, na hataki kuacha mpaka anione.