Upande wa Sikio Zima

Sikio langu la kushoto lilikufa nikiwa na miaka minane, kule Uvira, kwa ugonjwa wa matubwitubwi. Mashavu yalivimba wiki moja, yakanywea, na sikio likabaki limeziba moja kwa moja. Mama yangu alilia kidogo, kisha akaniambia nisimwambie mtu, maana watu wakijua una kasoro moja watakutafutia ya pili. Nilimtii kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilicheza beki wa kati kwenye timu ya mtaa, nikaoa, nikakimbia vita, nikakaa kambini, nikapanda ndege hadi Louisville, Marekani, na siri yangu nikaja nayo.

Mke wangu alijua, bila shaka. Kanisani kwetu, mtaa wa Iroquois, akina mama walisema nina kiburi kwa sababu walinisalimia kutoka kushoto nikawapita kama miti. Nami ni mtu wa hasira za karibu. Nilipoambiwa nina kiburi nilinuna, na watu wakaona kumbe ni kweli.

"Papa, sema tu sikio moja ilikufaka," mke wangu alinisihi. "Donc unapenda bakuite mtu mubaya, kuliko bajue uko na sikio moja?"

Nilipenda hivyo, ndiyo. Nilikuwa nimeshaonja upande mwingine. Kwenye ghala nilikofanya kazi mwanzo nilikuwa karibu kupewa mashine ya kunyanyulia mizigo, msimamizi akagundua sisikii honi ya upande mmoja, akanirudisha kubeba maboksi kwa mikono. Tangu siku hiyo nilifunga mdomo kabisa.

Kutoka ghalani nilihamia nyumba ya kutunzia wagonjwa na wazee, na hapo ndipo nilipokutana na Mzee. Alikuwa Mmarekani mrefu aliyepita miaka sabini, ametoka kubadilishwa goti, na kazi yangu ilikuwa kumtembeza koridoni hadi mguu ukumbuke kazi yake. Alikuwa msaka vipaji wa klabu moja kubwa ya hoki ya barafuni. Kila mwaka, mwanzo wa kiangazi, vilabu hukaa ukumbini siku mbili na kuchagua vijana wa miaka kumi na minane kwa zamu. Siku hizo huitwa drafti. Kazi ya Mzee ilikuwa kuwatazama mabeki majira yote ya baridi kabla ya hapo, na kuandika nani achukuliwe na nani aachwe. Goti halikumruhusu tena kuendesha gari safari ndefu. Aliposikia nami nilikuwa beki wa mpira wa miguu, aliniuliza kama nina leseni. Nilikuwa nayo. Habari za masikio hakuuliza, nami sikumpa jibu la swali asilouliza.

Asubuhi ya safari ya kwanza mke wangu alisimama mlangoni akiangalia theluji iliyofunika gari.

"Papa, barafu yote iko hapa inje bure," alisema. "Na weye unaenda kuangalia ingine kule Columbus? Na banakulipa?"

Ilikuwa baridi ya mwaka 2015 kuingia 2016. Columbus tulifika mchana, Mzee akafikia kwa dada yake, mtaa wa Clintonville, nami nikapewa chumba cha chini ya nyumba, chenye joto kuliko changu. Jioni ile nilikaa uwanjani nikiwa na hakika kwamba kazi naijua. Beki ni beki. Kwetu beki akipata mpira kwenye hatari anaupiga hadi kwa majirani, na watu wanashangilia. Basi kijana mmoja mkubwa akakipata kile kisahani cheusi wanachochezea, akakipiga kwa fimbo hadi mwisho wa uwanja. Nikasimama.

"Huyo!" nikapiga kelele. "Huyo hana mzaha!"

Filimbi ikalia. Mzee akanivuta koti nikae. Kumbe kwenye mchezo wao kukitupa hivyo ni kosa, na wachezaji wanarudishwa mbele ya goli lao hata kama wamechoka. Watu wa nyuma yetu walicheka. Nilinuna mpaka mapumziko.

"Usitazame kisahani," Mzee aliniambia alipoona nimepoa. "Hakuna klabu itakayochagua kisahani."

Akanifundisha kutazama kichwa. Kisahani kikitupwa nyuma ya goli, beki hukikimbilia akiwa amewapa adui mgongo, na nyuma yake anakuja jitu kwa kasi ya pikipiki. Swali la Mzee lilikuwa moja: kabla ya kukifikia, kijana amegeuza kichwa mara ngapi? Asiyegeuka hata mara moja hubamizwa ukutani, au hutoa pasi ya kubahatisha. Kazi yangu ikawa kupiga vijistari kwenye daftari, kila kichwa kilipogeuka kijistari kimoja. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotegemea.

Na Mzee nilimpenda kwa namna alivyotazama. Alifika saa mbili kabla ya mechi, aone nani anafunga utepe kwenye fimbo yake kwa uangalifu na nani anazungusha tu. Mtu alipokosea, wasaka vipaji wengine waliandika kosa. Yeye aliweka kalamu chini akangoja kijana aingie tena, aone amerudi na moyo gani. Aliniambia beki huchelewa kukomaa kuliko mchezaji mwingine yeyote, na kwamba kazi yake ni kumwona mtu wa miaka ishirini na mitano ndani ya mtoto wa kumi na saba. Nilimwambia basi ni kama maharage makavu, huwezi kuyaonja mapema. Alicheka hadi akakohoa, na neno la maharage akalitia kwenye ripoti.

Ushirikina alikuwa nao mmoja tu: lazima akae kulia kwangu. Hata kama njia ilikuwa kushoto, angenipita mbele akiburuta mguu, akishikilia mabega ya watu wa safu ya chini, ili akae kulia. Nilimwambia akae ukingoni anyooshe goti lake. Akasema kufanya hivyo kunaleta mkosi. Nikajisemea, wazungu nao wana mambo yao.

Kijana tuliyemfuatilia kuliko wote alichezea timu ya vijana ya Buffalo. Mwembamba, shingo ndefu, akirudi kinyumenyume barafuni kama mtu anayejua kila kitu kilipo sebuleni kwake. Alipokikimbilia kisahani aligeuza kichwa mara nne, wakati mwingine tano, na vijistari vyake vikajaza ukurasa. Mzee alikuwa hajaona hivyo kwa miaka mingi. Lakini kila tulikokwenda tulisikia wimbo ule ule: ana maringo. Ukimwita haitiki. Kwenye benchi anajitenga mwishoni. Wakubwa wa klabu walimpigia Mzee simu tukiwa garini, wakasema kama ni maringo, jina litolewe. Orodha ya mwisho ilitakiwa baada ya wiki tatu.

Tukaenda Buffalo kumwona mazoezini. Uwanja ulikuwa karibu mtupu, Mzee kulia kwangu kama kawaida. Kocha aliteleza hadi upande wa kulia wa kijana, akamwambia neno. Kijana hakugeuka. Kocha akarudia, akatupa glavu yake kwenye barafu kwa hasira. Mwenzake wa kushoto akamnong'oneza kitu, na kijana akageuka papo hapo, uso umemwiva.

Ile aibu niliifahamu. Niliivaa mara ngapi mlangoni kwa kanisa! Nikakumbuka benchi lake. Siku zote alikaa mwisho wa kulia, ili wenzake wote wawe kushoto kwake, kama mimi ninavyowahi mwisho wa kushoto wa kiti cha kanisa. Hakuwa anajitenga, maskini. Alikuwa anajipanga asikie. Na vile vijistari vyote kwenye daftari langu vilikuwa vya mtu asiyeweza kumsikia anayemjia kutoka kulia, kwa hiyo amejifunza kutazama.

Sikusema kitu. Siku mbili nzima sikusema kitu, na naona haya hadi leo. Nililala kwa mdogo wangu aishiye hukohuko Buffalo, mtaa wa West Side, kwenye nyumba ya mbao ambayo ngazi zake hulia kwa kila hatua, shemeji akinipakulia sombe, kisamvu cha kwetu, nami nikiichezea. Nikisema, Mzee atauliza nimejuaje, na jibu ni moja tu. Nani atamwacha dereva wa sikio moja ampeleke barabara kuu katikati ya malori? Nilishaona jinsi mtu anavyorudishwa kwenye maboksi. Na kijana je? Huenda nikamtoa kwenye maringo nikamtia kwenye ulemavu, wakamfuta kwa jina jingine.

Nilimpigia mke wangu simu nikamweleza yote.

"Bon," alisema. "Nyamaza basi. Batamuita wa kiburi maisha yake yote, sawa weye. Uko unaona vile inakufurahisha."

Mwanamke huyu anajua pa kuchoma. Kesho yake, tukiwa njiani kurudi Columbus, niliingiza gari kituo cha mafuta na sikujaza mafuta. Niliweka mikono yote miwili juu ya usukani, nikamwambia Mzee kwamba yule kijana sikio la kulia halisikii. Nikamwambia nimejua kwa sababu langu la kushoto limekufa tangu utotoni, nikaeleza benchi, nikaeleza kanisa, nikaeleza hadi mashine ya ghalani. Nilisema haraka haraka, macho mbele, kama mtu anayetapika.

Mzee alifuta kioo cha dirisha lake kwa mkono wa koti.

"Sawa," alisema. "Tugeuze gari."

Tukarudi Buffalo. Aliingia peke yake kuzungumza na kijana na wazazi wake, nami nikabaki garini nikitafuna kucha. Alitoka baada ya saa nzima. Ilikuwa homa ya utotoni, alisema. Wazazi walijua, makocha hawakuambiwa, na kijana alificha kwa kuogopa kuachwa. Amekubali iandikwe. Kisha akanipa ripoti niisome, iliyoandikwa kwa mkono wake mbaya: *Hana maringo. Sikio la kulia halisikii, na ndiyo sababu anatazama kuliko beki yeyote niliyemwona. Tumchukue.*

Kuhusu sikio langu hakusema hata neno. Hilo lilinitesa kuliko kufukuzwa. Kila tulipoegesha gari nilidhani ndiyo leo, atanishukuru kwa upole wake na kuomba ufunguo. Wiki zikapita, orodha ikapelekwa, barafu ikayeyuka, nami bado nikiendesha na kungoja.

Mwaka ule drafti ilifanyika Buffalo hukohuko. Mzee alikaa chini ukumbini na watu wa klabu yake, kwenye meza ndefu, nami nikakaa juu kwa watazamaji. Siku ya kwanza kijana hakuitwa. Siku ya pili waliendelea kutaja majina, nami nikasali kwa sauti hadi mwanamke wa jirani akanitazama. Mchana klabu yetu ikapata zamu yake, na jina likasomwa. Kijana alikuwa safu chache chini yangu, na mama yake alimkumbatia kabla hajamaliza kusimama.

Alishuka hadi kwenye meza kuwapa watu mkono. Walimpokea kwa vicheko, kila mmoja akimwambia neno, naye akiinamisha kichwa na kukigeuza ili awasikie. Mzee alikuwa ameketi mwisho kabisa, na kijana alikuwa anamjia kwa upande wa sikio bovu. Nikamwona anainuka. Alishika mgongo wa kiti, akauzungusha mguu wake, akapita nyuma ya viti vyote vya meza ile akiburuta goti, taratibu, watu wakisogea kumpisha bila kujua anakwenda wapi. Akatokea kushoto kwa kijana. Ndipo akampa mkono na kumwambia alichomwambia, na kijana akamjibu hapohapo bila kugeuza kichwa.

Nilikaa. Nilikumbuka Columbus, mabega yote aliyoyashikilia ili aje kulia kwangu. Nilikumbuka ule mkosi wake. Nilikumbuka koridoni Louisville, siku za mwanzo kabisa, fimbo yake ya kutembelea mkono mmoja na mkono mwingine begani kwangu, bega la kulia siku zote. Machozi yalinitoka na sikujisumbua kuyaficha.

Mzee alipopanda juu kwa watazamaji, kiti cha ukingoni kilikuwa wazi, kushoto kwangu. Akakipita. Nilisimama kumpisha, akaketi kulia kwangu na kupumua kwa nguvu.

"Mzee," nikasema, "ulijua tangu lini?"

"Tangu koridoni," alisema. "Ulikuwa unageuka kila mlango ulipofunguliwa. Nilihitaji dereva anayetazama."

Jumapili iliyofuata, mlangoni kwa kanisa kule Iroquois, niliona midomo ya mama mmoja ikicheza upande wangu wa kushoto, tayari amekwisha kununa. Nilimshika mkono.

"Mama, kuja ku upande huu," nikamwambia. "Ile sikio ingine ilikufaka zamani."