Springi ya Nne kwenye Gitaa la Baba Neema

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe na tai. Nilikuwa nimetoka kupata cheti cha kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na niliamini Babati nzima imesimama kunitazama. Fundi Mkuu, mwenye karakana ya redio na magitaa pale mjini, alinikagua kuanzia viatu hadi tai, akanipa bisibisi. "Tai vua, itanasa kwenye springi. Cheti kitundike ukutani, kikuangalie ukifanya kazi."

Siku hiyohiyo akanifunulia mgongo wa gitaa la umeme. Nyuma kuna shimo, na ndani yake springi zimenyooshwa kutoka kwenye daraja, yaani kile chuma kinachoshikilia nyuzi, hadi kwenye kibati kilichofungwa kwa skrubu mbili. Mbele nyuzi zinavuta, nyuma springi zinavuta, kama watu wanaovuta kamba na hakuna anayemshinda mwenzake. Ndiyo maana mpigaji akibonyeza mkono wa tremolo, kile kifimbo cha chuma kilichochomekwa kwenye daraja, sauti inayumba kisha inarudi mahali pake. Ukikaza skrubu kupita kiasi, springi zinashinda na daraja linalala. Ukigusa uzi mmoja, nyingine zote zinanuna. Nilihangaika na gitaa moja siku tatu. Nadhani nilizungusha funguo zake za kukazia nyuzi mara elfu kumi. Fundi Mkuu akapita, akasema, "Hiyo ni mizani, msomi. Mizani haipigwi ngumi."

Baadaye nikawa mtunza vyombo wa bendi moja ya dansi iliyozunguka kutoka Babati hadi Mbulu. Kiongozi wa Bendi alikuwa mtu wa maneno machache na matusi mengi. "Gitaa lisilokaa kwenye sauti yake," alikuwa akisema, "ni aibu ya fundi, si ya mpigaji." Neno hilo lilinijenga. Nilipofungua meza yangu mwenyewe Nangara, skrubu niliyoikaza mimi haikulegea hata kwa trekta. Lakini neno hilohilo ndilo lililokuja kuniponza.

Baba Neema alikuwa mpigaji wa kwaya kule Sigino. Kwaya yao haikuwa na gitaa la besi, kwa hiyo alinunua gitaa la nyuzi saba, ule wa saba mnene kama senyenge, akawa anapiga kazi ya watu wawili peke yake. Nilimtunzia gitaa hilo miaka mingi. Mara ya mwisho alilileta wiki moja kabla ya ibada ya mavuno. Nyuzi alikuwa amezilegeza mwenyewe, springi zikazishinda, daraja limelala na nyuzi zinakwaruza shingo ya gitaa.

"Fundi, legeza na springi, zilingane na nyuzi," alisema. "Limekuwa gumu."

"Gumu? Gitaa halizeeki, Baba Neema. Unayezeeka ni wewe!"

Wateja wawili waliokaa kwenye benchi wakacheka. Yeye akatabasamu kidogo, mkono wa kushoto ukiwa mfukoni mwa koti. "Labda," akasema. "Ila siku ya mavuno lazima nipige. Nimemwahidi Mama Neema."

"Utapiga mpaka Mlima Hanang uitikie!"

Alichoomba kilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini gitaa lililolegea vile, litoke mezani kwangu? Nikapandisha nyuzi zote hadi sauti yake ya kawaida. Nikamzawadia uzi wa saba mnene zaidi, na ili kuupinga nikaongeza springi ya nne. Nikakaza, nikapiga, nikakaza tena. Daraja likatulia kama maji kwenye sahani. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na hapo sitii chumvi. Jumamosi alikuja Neema, binti yake, kulichukua.

Jumapili nilikwenda Sigino kusikiliza sifa zangu. Mwalimu wa Kwaya akatoa ishara. Baba Neema akakandamiza nyuzi, ikatoka sauti ya kukwama, kama mtu anayegonga ubao. Akajaribu tena, vidole vikateleza. Mara ya tatu hakumaliza. Akalilaza gitaa mapajani, akalifunika kwa viganja. Kwaya ikaimba bila ala. Mama Neema, kwenye safu ya mbele, aliimba akimtazama yeye tu.

Baada ya ibada ndipo Neema aliponieleza. Kiharusi kilikuwa kimempitia baba yake, mkono wa kushoto ukabaki na nguvu ya kushika kikombe tu, au kukandamiza nyuzi zilizolegea. Hakutaka kuhurumiwa, akaficha.

Hakuziona mbaazi za mwaka ule zikivunwa. Matanga yalipoanuliwa nilikwenda nyumbani kwake na bisibisi. Mama Neema alikuwa anapepeta mbaazi.

"Pole, Mama Neema. Naomba lile gitaa. Nililegeze kama alivyotaka."

Hakuinua macho. "Sasa unamlegezea nani, Fundi?"

Nikairudisha bisibisi mfukoni. Nikakaa chini, nikamsaidia kuchambua mbaazi mpaka zikaisha, nikaondoka.

Meza niliifunga mwaka uleule. Watu husema ni macho, nami huwaitikia: naam, sioni hata ng'ombe akiwa mlangoni. Ninyi mafundi mnaoanza mna vipimo kwenye simu vinavyojua sauti kuliko masikio yetu, na ninawafurahia. Lakini mtu akikwambia chombo chake ni kigumu, usikimbilie kukigeuza uone mgongo. Mpe kwanza mikono yote miwili aishike, na usiiachie haraka.