Sabato Niliyomwachia Maji ya Magadi

Mwanangu, wewe nakuhesabu rafiki, ndiyo maana nakuambia hii maneno. Nakumbuka Sabato moja hapa Karungu, mume wangu, Baba Achieng, akiwa na miaka thelathini na saba. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa nguvu, anabeba mlango wa chuma peke yake.

Asubuhi hiyo aliamka ameshika kifua. Jasho ilimtoka na kulikuwa na baridi ya ziwa. Mkono wa kushoto ulimuuma mpaka kwa taya.

"Ni ile ngege ya jana inalipiza," akasema, anajaribu kucheka.

"Si nilikuambia usimalize samaki yote?"

"Nenda kanisani, nyar Magunga." Ndivyo alivyoniita, binti wa Magunga. "Leo ni wewe unafundisha somo. Usifanye waniite mpagani."

Kwetu kijana akiumwa na kifua, tunasema ni asidi. Ugonjwa wa moyo tumewaachia wazee. Nikamkorogea maji ya magadi, akakunywa, nikamfunika, nikachukua Biblia yangu nikaenda.

Wakati wa maombi nikasimama, nikaomba waniombee mume wangu, asidi inamsumbua. Mama Atieno, mzee wetu wa kanisa aliyekuwa muuguzi zamani, akageuka.

"Anatoka jasho?"

"Ndiyo, mama."

"Mkono je?"

"Unauma."

"Na wewe uko hapa! Yesu mwenyewe aliponya siku ya Sabato. Toka, tutafute gari!"

Tulimkuta ameketi mlangoni, kiatu moja mguuni, ingine mkononi. Alikuwa ameshatuacha. Mpaka leo sijui kama alikuwa anakuja kanisani ama anaenda hospitali. Hiyo swali ndiyo naishi nayo kwa nyumba. Binti yetu Achieng yuko shule ya bweni. Jioni nasoma Zaburi kwa sauti, na hakuna mtu wa kuniambia nimeruka mstari.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuficha, mwanangu. Tuliyapa jina dogo.

Basi sikia. Kifua ikikaza, jasho ikitoka bila kazi, maumivu ikipanda mkono, mgongo ama taya, ama pumzi ikikosa, usiseme bado mimi ni kijana. Usijitibu na magadi. Ita mtu, muende hospitali saa hiyo hiyo. Presha pima hata kama husikii kitu. Na ukiwa wewe ndiye uko na mgonjwa, usimwache peke yake, hata kama kanisa nzima inakungoja. Omba mkiwa njiani. Mungu anasikia hata ndani ya gari.

Mungu akulinde huo moyo, akupe mvi mpaka wajukuu wakucheke. Na ukiwa na mwenzako kazini, ama ndugu anayemeza dawa ya asidi kila siku, usilale na hii maneno. Mwambie Mama Achieng wa Karungu amekutuma.