Aliyesimama Ndani ya Mng'ao

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nitakayokusimulia hayakumtokea binamu wa rafiki yangu. Yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe ukielekea jioni, sijalewa wala sina homa. Nilikaribia kumuua mke wangu kwenye maporomoko ya maji upande wa Izigo, kule Muleba, na kilichotaka kumuua ni sauti yangu.

Mimi ni mpiga picha. Naishi Ijuganyondo, na riziki yangu ni harusi, kipaimara na mahafali. Lakini mapenzi yangu ni mandhari: ziwa, majabali, ukungu wa asubuhi juu ya migomba. Najua watu wanasema Wahaya tunajisifu. Basi niache nijisifu: picha za mandhari ninazipiga vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua hapa Bukoba.

Kazi hiyo naifanya kwa lenzi pana, ile inayomeza ukumbi mzima hata ukiwa umesimama mlangoni. Ina tabia zake. Inasukuma vitu mbali, hata mtu aliye hatua chache mbele yako akaonekana yuko ng'ambo ya uwanja. Halafu inachagua filta, vile vioo vya kuvika mbele ya lenzi. Ukiivika filta nene, au ukipandanisha mbili, picha inatoka na pembe nyeusi. Ukielekeza angani filta ya kuzungusha, anga linaiva bluu upande mmoja na kupauka upande mwingine, aibu tupu. Lakini kwenye maji, filta hiyo ya kuzungusha haina mpinzani. Unageuza pete yake taratibu, ule mng'ao juu ya maji unafutika, na mawe ya chini unayaona kana kwamba hakuna maji. Ukigeuza tena, mng'ao unarudi. Shika hapo, ndipo kisa kilipo.

Tulikuwa tumekwenda Izigo kumsalimia baba mdogo wa mke wangu. Mke wangu anaitwa Koku. Mtoto wetu, Alinda, tulimwacha nyumbani kwa bibi yake. Baada ya chakula nikamwambia Koku twende nikampige picha kwenye maporomoko yaliyo bondeni, chini ya kibanja, shamba la migomba la baba mdogo. Nilitaka mtu mmoja mdogo, amevaa kitenge cha njano, katikati ya maji na miamba. Mzee alikuwa amelala, hatukumuaga.

Njiani tulikutana na kina mama watatu wanapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Nikawasalimia kwa heshima zote. Hawakujibu. Mmoja alinyanyua mkono tu, wakapita kimya. Mhaya asiyejibu salamu! Nilikasirika, waitu, ndugu zangu, nikasema kwa sauti ili wanisikie, "Siku hizi hata adabu imekuwa ghali." Koku akanivuta shati. Yule wa mwisho aligeuka, akaweka kidole mdomoni, akaendelea na safari yake. Nikaona ananidharau.

Bondeni palikuwa pazuri mno. Maji yanaanguka kutoka kwenye ukuta wa mwamba mweusi, yanaingia kwenye dimbwi pana, na kando ya dimbwi kuna bamba la mwamba lililofunikwa na maji ya kufika kifundo cha mguu. Jua lilikuwa limelala ubavuni, na dimbwi lote liking'aa hata macho yakauma. Nikasimika stendi ya kamera ukingoni, nikajifunika kichwa kwa kanga ya Koku ili nione kioo cha kamera vizuri, nikaanza kumpanga.

"Mama Alinda, simama hapo! Nigeukie mimi! Rudi kidogo!"

Ilibidi nipaaze sauti kwa sababu ya kishindo cha maji. Akarudi. Kwenye lenzi bado alionekana amebanana na ukingo wa picha.

"Rudi kidogo tena! Hapohapo! Tulia!"

Nikaweka filta nyeusi juu ya ile ya kuzungusha. Filta nyeusi inaziba mwanga, kamera inabaki imefungua jicho kwa muda mrefu, na maji yanatoka laini kama moshi. Kila kinachotembea kinafutika. Kinachobaki ni kile kilichotulia kabisa. Nikamwambia Koku asipepese hata macho, nikabonyeza, nikasubiri.

Picha ikatokea. Pembe zilikuwa nyeusi, kama nilivyotegemea. Maji yalikuwa moshi. Koku alikuwa na ukungu kidogo mabegani, kwa sababu mtu anapumua, hata ajitahidi vipi. Lakini nyuma yake, ndani ya dimbwi, alikuwepo mtu wa pili. Maji yamemfika kiunoni. Na yule hakuwa na ukungu hata chembe. Unaelewa ninachosema? Nusu dakika nzima, na hakupumua.

Niliinua kichwa kutoka kwenye kanga, nikatazama kwa macho. Hakuna mtu. Koku na mng'ao tu.

Nilifanya ambacho fundi yeyote angefanya: nikailaumu filta. Vioo viwili vikipandana, mwanga unarukaruka katikati yake na kuchora vitu visivyokuwepo. Nikang'oa ile nyeusi, nikabaki na ile ya kuzungusha, nikajifunika tena. Yule mtu alikuwepo kwenye kioo cha kamera, mbali kidogo nyuma ya mke wangu. Sura haikuonekana kwa ukali wa mng'ao. Nikageuza pete. Mng'ao ukafutika, naye akafutika pamoja nao. Nikacheka peke yangu, nikasema, si unaona, kivuli cha maji tu.

Kisha nikatazama kilichobaki, na kicheko kikanikauka.

Maji yalikuwa wazi sasa. Niliona miguu ya Koku juu ya bamba. Na nyuma ya visigino vyake, pungufu ya hatua moja, bamba lilikatika. Baada ya hapo palikuwa na shimo jeusi lisilo na chini. Kwa macho matupu, usingeliona kwa ule mng'ao. Mimi ndiye niliyemrudisha mpaka pale, na Koku hajui kuogelea.

Nilijivuta nyuma, mkono ukaizungusha pete, mng'ao ukarudi. Yule mtu alikuwa amesogea. Kwenye lenzi alionekana bado yuko nyuma kidogo, lakini nimekuambia tabia ya lenzi pana. Ukimwona mtu yuko mbali ndani yake, ujue yuko karibu. Alikuwa ameweka mkono wake nyuma ya shingo ya mke wangu, hajamgusa bado.

Ndipo nikasikia sauti yangu.

"Rudi kidogo tena, mama Alinda."

Sikuwa nimefungua mdomo. Naapa mbele ya Mungu, nilikuwa nimeuma meno. Mimi nilikuwa napasua koo ili nisikike, lakini ile sauti ilisema polepole, kama mtu anayeongea na mkewe kitandani, na kila neno likasikika juu ya kishindo cha maji. Koku akaanza kuinua mguu.

Niliitupa kanga, nikapiga kelele, "Usirudi! Simama!"

Sauti yangu ikajibu palepale, "Rudi, usisimame."

Akasita. Nilimwona uso umechanganyikiwa. Akasema kwa sauti, "Baba Alinda, nifuate lipi? Umesema nirudi au nisirudi?"

"Njoo huku! Njoo kwangu!"

"Usije huku," ikasema. "Rudi huko."

Nikakurupuka nimfuate. Hatua zenyewe zilikuwa chache tu. Nilipoweka mguu kwenye bamba, ile sauti ikasema kwa upole, "Nipishe, mke wangu, nipite." Na Koku, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, akasogea nyuma kunipisha. Kisigino kimoja kikaning'inia. Nikaganda. Nikajua nikipiga hatua nyingine nitakuwa nimemsukuma mwenyewe.

Ningefanya nini? Niambie wewe unayesoma. Kila neno nililolitupa lilirudi limegeuzwa. Nilikuwa naogopa hata kukohoa. Nilitaka kulia, na nadhani nililia.

Nikapiga magoti.

Kwetu anayepiga magoti ni mwanamke. Anapiga magoti kumsalimia baba mkwe, anapiga magoti kumpa mumewe maji ya kunawa. Mwanamume wa Kihaya kumpigia magoti mkewe, tena mahali pa wazi, ni jambo la kusimuliwa kilabuni mpaka uhame. Mimi nilipiga magoti majini, suruali ya kanisani na yote, nikamnyooshea Koku mikono miwili bila kusema neno. Ile sauti ikasema, "Rudi." Ikasema tena, "Rudi, mama Alinda, rudi." Mimi nikakaa vilevile nimeinamisha kichwa, maana kuongea ingeweza, lakini magoti haikuwa nayo.

Uso wa Koku ukabadilika. Aibu ikamshinda. Akaja mbele mbio mbio, huku ananyoosha mikono aniinue.

"Inuka! Baba Alinda, inuka, watu wakikuona utawaambia nini? Umepatwa na nini wewe?"

Nilimkamata kiuno, nikamvuta hadi nchi kavu, tukaanguka wote. Nyuma yetu maji yalichuruzika pale bambani, kama mtu mkubwa anayejitoa majini taratibu. Sikugeuka. Nilichukua kamera na stendi bila kuikunja, tukapanda kilima kimya, nimemfunika Koku mdomo kwa kiganja changu.

Baba mdogo alitupokea mlangoni. Alipoona tumelowa hakuuliza tulikotoka. Aliuliza jambo moja tu.

"Mliongea kule?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Uliita jina?"

"Sikuita jina lake. Nilimwita mama Alinda."

Mzee akakaa chini. "Ee waitu, mkwe wangu. Sasa umempa huyo wa majini na mtoto." Akaeleza kwamba watu wa pale hawaongei wakiwa bondeni. Wanateka maji, wanafua, wanarudi, yote kwa ishara za mikono. Kule kuna asiyekuwa na sauti yake mwenyewe, anaokota za watu. Akasema zamani kila bwana harusi alipewa onyo hilo siku ya kwanza anapofika. "Ila wewe ulikuja na kamera, nikadhani wasomi mnajua mnakokwenda."

Picha niliifuta nilipofika Bukoba, sikuitazama mara ya pili. Wenzangu wananiambia ni mwanga uliorukaruka kati ya filta mbili. Nawaacha. Asiyejua maana haambiwi maana.

Tangu siku hiyo Koku hanijibu nikimwita kutoka chumba kingine. Anaamka, anakuja mlangoni, ananitazama, ndipo anasema "abee." Simu yangu hapokei, namwandikia ujumbe. Mwanzoni nilikasirika, kwa sababu mwanamume anapenda kuitikiwa nyumbani kwake. Kisha jioni moja nilichelewa mjini kwa mvua, nikakuta milango yote ina komeo, Koku amekaa sakafuni na mtoto mapajani. Akaniambia nimekuwa nikimwita tangu jua lilipozama, kutoka kwenye mibuni nyuma ya nyumba. Nilikuwa nasema nimelowa. Nilikuwa nasema amlete Alinda anione.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayependa mandhari na lenzi zako za bei mbaya. Ukifika mahali ambapo wenyeji hawakujibu salamu, usiwatukane. Funga mdomo, waige. Na sauti ya mpenzi wako ikikuita kutoka usikomwona mwenyewe, usiende, hata ikilia.

Mwezi uliopita niliteleza kwenye migomba yangu, nyuma kabisa ya kibanja, mvua inanyesha, giza limeshaingia. Mguu ulivunjika, simu ilikuwa ndani. Nilimwita Koku. Nilimwita kwa maumivu niliyokuwa nayo, nikamwambia mguu umevunjika, nikamwambia nakufa. Niliona taa ya dirishani ikizimwa. Hakuja.

Jirani ndiye aliyenikuta alfajiri. Waliponiingiza ndani nimebebwa, Koku alinitazama usoni, akautazama mguu, akaanguka chini analia na kuomba msamaha, kwamba alisikia kila neno. Nilimwambia asiombe msamaha. Nilimwambia amefanya vizuri, na kesho nikiita tena, afanye vilevile.