Dawa Haijui Unywele Unaishia Wapi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, mwaka 2025. Saa tatu asubuhi, mtoto wa miaka sita ameketi juu ya mito miwili katika kiti cha tatu cha saluni yenye viti vinne. Amefungwa taulo shingoni. Hajaguswa bado, lakini machozi yamekwisha kumlengalenga.

Nyuma yake amesimama msusi ambaye wateja humwita Mkono Mwepesi, kwa kuwa huchana nywele zilizosokotana bila mtu kukunja uso.

Mama wa mtoto anatoa chupa mkobani. Ni ya rangi ya waridi, ina picha ya msichana anayecheka, na ubavuni limeandikwa kwa herufi nene neno moja: protini.

"Mpake hii, dada. Nywele zake kaidi, kila asubuhi kwetu ni vita. Wenzake wanamwita Fagio."

"Kaidi zimemkaidi nani, mama? Zinaota zinavyopaswa kuota."

"Mimi sikuja kuhutubiwa. Nimeambiwa hiki ni chakula cha nywele."

Aliyemwambia yuko mlangoni, amekaa kando ya makatoni ya chupa kama hiyo. Ndiye mwenye saluni, na kila mtu humwita Shangazi, hata wanaomzidi umri.

"Mpake mtoto wa watu," anasema Shangazi. "Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu si samaki, Shangazi. Samaki ana magamba. Huyu ana ngozi tupu."

Wateja wanacheka. Shangazi hacheki.

Mkono Mwepesi hapaki. Anavuta kishungi cha nywele kilichobaki kwenye kitana, nywele za mtoto huyo huyo, anakiweka katika kisahani, anakimiminia dawa hiyo ya kulainisha na kukisogeza mbele ya mama. "Tusubiri pamoja," anasema. Kisha anaendelea kumchana mtoto taratibu.

Kusubiri huko si jambo dogo kwake. Mwanzoni mwa mwezi, Shangazi alipopokea makatoni hayo kutoka kwa msambazaji, aliwatangazia wasusi kwamba kila mtoto atakayeletwa na mzazi anayetaka dawa lazima apakwe, na atakayekataa aachie kiti. Kiti chake Mkono Mwepesi amekikodi kwa miaka kumi na minane. Ndicho kinacholipia chumba anachoishi na ada za mabinti zake wawili. Siku nzuri humpa chakula cha siku mbili. Siku mbaya humrudisha nyumbani kwa miguu.

Kwa nini basi anakataa?

Kwa sababu wiki iliyotangulia, katika kiti cha jirani, mtoto wa miaka mitano alipakwa dawa kutoka makatoni hayo hayo. Alilia kwamba inauma, akaambiwa avumilie, uzuri una adha yake. Iliposuuzwa, nyuma ya sikio palikuwa pamechubuka, pametota maji, kidonda kipana kama kifuniko cha soda. Shangazi alipompigia simu msambazaji, alijibiwa kwamba msusi hakufuata maelekezo.

Maelekezo hayo yamechapishwa kwa lugha ambayo hakuna msusi wala mama hata mmoja aliyekuwamo humo anayeisoma. Neno protini pekee ndilo lililoandikwa kwa lugha yetu. La kuuzia tumetafsiriwa. La kutuokoa tumeachiwa tukisie. Mtu asiyekasirika hapa, atakasirika wapi?

Mkono Mwepesi hakukaa na hasira kimya. Miongoni mwa wateja wake yumo mwalimu wa sayansi wa sekondari, ambaye husukwa kila mwisho wa wiki ya tatu. Alimwuliza, na mwalimu akamweleza huku kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka.

"Unywele ni protini kweli, hapo hawakudanganya," mwalimu anakumbuka kumwambia. "Lakini protini haipakwi ikawa unywele. Inajengwa chini, kwenye shina, kutokana na tunachokula."

Mwili, alieleza, huvunja maharage, samaki au yai kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Zipo za aina ishirini hivi. Mwili huziunga moja baada ya nyingine kuwa mnyororo mrefu, kama herufi zinavyoungana kuwa neno. Herufi zile zile zikipangwa vingine, neno linakuwa jingine. Mpangilio huo ndio unaoamua mnyororo ujikunje wapi na ushikane na nini, na umbo linalotokea ndilo linaloamua kazi yake.

Katika unywele, minyororo hiyo imejisokota pamoja kama kamba. Aina moja ya asidi amino hubeba salfa, na zinapokaribiana hushikana kutoka mnyororo hadi mnyororo, mithili ya vifungo vya shati. Umbo la tundu unamoota unywele, pamoja na mahali vifungo vilipo, ndivyo huufanya unyooke au ujiviringe.

"Dawa ya kulainisha inakata vifungo," mwalimu alisema. "Na ngozi ya juu ya kichwa imejengwa kwa protini ya ukoo huo huo. Dawa haijui unywele unaishia wapi na ngozi inaanzia wapi."

Mkono Mwepesi anasema alisimama na kitana hewani. "Nikamwambia, mwalimu, kumbe ndiyo maana! Mimi niliwahi kujipaka mayai mwezi mzima nikidhani nalisha nywele. Sikupata kitu, nilinuka kama banda la kuku. Yai lina njia yake, na njia yake ni mdomo."

Nusu saa inapita. Msusi anavaa glavu, anainua unywele mmoja kutoka kisahanini kwa ncha ya kitana. Unavutika kama ulimbo, unarefuka, unakatika. Zilizobaki zimekuwa ute.

Mama anasogea karibu. Anaangalia kisahani, kisha shingo ya mwanawe, palipo na nywele laini za utotoni.

"Na mimi nilitaka akae nayo nusu saa," anasema kwa sauti ndogo.

"Hukuambiwa, mama. Waliojua ndio waliokuuzia."

"Msuke mistari ya kawaida. Na atakayemwita tena Fagio, nitakwenda mwenyewe kuonana na mama yake."

"Mama, usipigane," mtoto anasema, akijifuta kamasi kwa ncha ya taulo.

Shangazi anainuka. Haangalii kisahani. "Biashara yangu umeifanya darasa," anasema. "Mwisho wa mwezi niachie kiti."

"Nitakuachia, Shangazi. Ngozi ya mtoto sitakuachia."

Ndivyo malipo ya kumkinga mtoto yalivyo: anayeuza sumu anabaki na makatoni, anayeikataa anafunga virago. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mti ungekuwa nafuu. Haumchubui mtu kichwa.

Kwa kuwa aliliona hili likija, Mkono Mwepesi amekwisha kuzungumza na kaka yake fundi cherehani, aliyekubali kumwachia upande wa baraza yake. Anataka kuweka viti viwili, kimoja kifupi, awasuke watoto bila dawa. Mwalimu ameahidi kuyatafsiri maelekezo ya chupa ile, naye atayabandika ukutani kwa maandishi makubwa. Wateja kumi na mmoja wameshatia saini barua ya kudai kwamba kila dawa ya nywele iuzwe ikiwa na maonyo kwa lugha inayosomwa na anayepakwa.

"Sitaki kusifiwa," anasema, akifunga ncha ya mstari wa mwisho. "Nataka wajue kabla hawajaungua."

Basi ewe uliyesoma hadi hapa, usilikunje gazeti hili ukalifungia vitu. Mpe jirani mwenye binti mdogo. Na asiyejua kusoma, keti naye, umsomee.